Uliota Nini Kabla Hatujakuamsha?

Mrija wa hewa umeshatolewa kooni. Oksijeni inapita kwenye barakoa, kifaa cha kidoleni kinaonyesha 98, na muuguzi anainama karibu na sikio: "Mama, amka. Operesheni imekwisha salama." Mgonjwa anafumbua macho, anaangaza dari, kisha anasema kwa sauti iliyokwaruzwa na mrija: "Mbona mmeniamsha? Ndiyo kwanza tulikuwa tunafika."

Muuguzi anatabasamu. Anamuuliza kama ana maumivu. Je, kichefuchefu? Anasikia baridi? Mgonjwa anajibu moja baada ya jingine, anafunikwa blanketi, presha inapimwa tena. Dakika chache baadaye akiulizwa walikuwa wanafika wapi, na nani, anakunja uso na kutikisa kichwa. Ndoto imeshampotea.

Hakuna aliyeandika kitu.

Yeyote anayefanya kazi kwenye chumba cha kuzindukia ameshuhudia jambo la namna hii, na kwa wiki kadhaa sasa limekataa kunitoka kichwani. Fomu ya nusukaputi hujazwa kwa uangalifu ambao karatasi chache za hospitali huupata: presha kila baada ya dakika 5, kila dawa kwa miligramu, kila mililita ya dripu na ya damu iliyopotea. Taarifa pekee anayorudi nayo mtu mwenyewe, kutoka huko alikokuwa, ndiyo tunayoiacha ipotee.

Nadhani tunaiacha kwa sababu tumeshajiamulia inamaanisha nini. Na tulichoamua hakilingani na ushahidi uliopo.

## Maswali matano

Mwaka 1970 madaktari Brice, Hetherington na Utting walichapisha utafiti mdogo kuhusu kuamka na kuota wakati wa nusukaputi. Maswali yaliyotokana na kazi yao, baada ya marekebisho ya wengine, ndiyo yanayotumika mpaka leo. Ni mafupi kiasi cha kuulizwa kwa dakika moja tu.

Kitu gani cha mwisho unakumbuka kabla hujalala? Kitu gani cha kwanza unakumbuka ulipoamka? Kuna chochote unachokumbuka katikati ya hapo? Uliota? Ni jambo gani lililokuwa baya zaidi kwako katika operesheni hii?

Mpangilio wake umefikiriwa. Maswali mawili ya kwanza yanaweka mipaka: mgonjwa mwenyewe anaonyesha kumbukumbu yake inakatika wapi na inaanza tena wapi. La tatu linafungua mlango bila kumsukuma mtu apite. La nne linataja ndoto waziwazi, kwa sababu wengi wanaona aibu kuitaja au wanadhani haihusiani na matibabu. La tano huwanasa wale waliojibu "hapana" mara zote, kisha wanasema kitu kilichokuwa kibaya zaidi ni kutaka kupiga kelele wakashindwa.

Asichotakiwa muulizaji kusema ni "Uliamka katikati?" Mtu anayetoka kwenye dawa ana ubongo unaopokea picha kwa urahisi mno. Ukimpa picha ataichukua, na baada ya hapo hutajua tena kipi chake na kipi chako.

## Mmoja kati ya watano, na bado

Huko Melbourne, Australia, Kate Leslie na wenzake waliwahoji wagonjwa 300 wenye umri wa miaka 18 hadi 50, mara tu walipozinduka. Matokeo yalitoka mwaka 2007. Asilimia 22 walisema waliota.

Ndoto zenyewe zilifanana na za usiku wa kawaida. Nyingi zilikuwa za kupendeza, na nyingi hazikuwa na uhusiano wowote na upasuaji. Walioota walikuwa vijana zaidi, walikuwa watu wanaokumbuka ndoto zao hata nyumbani, na walifumbua macho mapema zaidi baada ya operesheni kwisha. Kwa watoto wadogo wa umri wa shule, utafiti mwingine wa hukohuko ulipata karibu mmoja kati ya kumi.

Asilimia 22 ni hesabu ya waliokumbuka. Waliota wangapi kwa kweli, hatuwezi kuhesabu kwa njia hiyo, kwa sababu dawa tunazotumia zinafuta. Miligramu 2 za midazolamu zikitolewa kabla ya kuingia chumba cha upasuaji ili kumtuliza mtu, zinaweza kufuta hata safari ya kwenda huko akiwa macho kabisa, akizungumza. Kama zinafuta mazungumzo ya mtu aliye macho, ndoto itanusurikaje?

## Dhana ya dozi ndogo

Maelezo yanayokuja haraka kwa watu wengi, wataalamu na wagonjwa, ni haya: aliyeota hakulazwa vya kutosha. Dawa ilikuwa pungufu, ubongo ukapata upenyo, ndoto ikajitokeza. Kwa mantiki hiyo ndoto ni onyo, hatua moja tu kabla ya mtu kuamka akiwa mezani.

Dhana hii ndiyo inayowafanya wataalamu wasiulize. Nani anataka kusikia jibu linalomshtaki?

Watafiti wa Melbourne walikuwa na njia ya kuipima. Walitumia kifaa cha BIS, ule ukanda unaobandikwa kwenye paji la uso, ambao unasoma umeme wa ubongo na kuugeuza kuwa namba kati ya 0 na 100. Aliye macho kabisa anakaribia 100. Wakati wa upasuaji inatakiwa iwe kati ya 40 na 60. Kama dhana ya dozi ndogo ni kweli, walioota wangekuwa na namba za juu.

Wastani wa kati wa walioota ulikuwa 37. Wa wasioota, 38.

Hakuna tofauti. Kwangu mimi namba hizi mbili ndizo zinazogeuza mjadala wote. Watu walioota walikuwa wamelazwa kwa kina kilekile kama wenzao, na kama kuna chochote, walikuwa chini kidogo ya kiwango kilichotakiwa. Basi swali linahama. Tuache kuuliza alilazwa kwa kina gani, tuulize aliota *saa ngapi*.

## Dakika za mwisho

Kikundi hichohicho kilirudi na utafiti wa pili, uliochapishwa 2009. Wagonjwa 300 tena, nusukaputi ikiendeshwa ama kwa propofoli ya mshipani ama kwa gesi ya desflureni. Safari hii walioota walikuwa asilimia 27, na aina ya dawa haikuleta tofauti kubwa. Ila mawimbi ya ubongo ya muda mfupi kabla ya mahojiano yalisema kitu: walioota walikuwa na mawimbi ya kasi zaidi, na yale mafungu ya mawimbi yanayofanana na ya usingizi mwepesi yalikuwa machache kwao. Kwa ufupi, ubongo wao ulikuwa umekaribia zaidi kuwa macho wakati wanaulizwa.

Fikiria kinachotokea propofoli inapoondoka. Ili kumlaza mtu mzima mwenye afya anahitaji miligramu 1.5 hadi 2.5 kwa kila kilo. Mwenye kilo 60 anapata miligramu 90 hadi 150, yaani mililita 9 hadi 15 za dawa ya asilimia 1. Kwa mzee kiasi hicho hupunguzwa sana. Pampu kisha hushikilia ujazo wa mikrogramu 3 hadi 6 hivi kwa kila mililita ya damu, kutegemea ukubwa wa operesheni na dawa za maumivu zinazoambatana nayo. Katika hali hiyo mawimbi mazito ya polepole, chini ya mzunguko mmoja kwa sekunde, yanaubana ubongo, na juu yake panakaa mawimbi ya mizunguko 8 hadi 12 yaliyohamia sehemu ya mbele ya kichwa. Seli zinapata vipindi vya kuzungumza na vipindi vya kunyamaza, na vipindi hivyo havilingani kati ya eneo na eneo. Sehemu moja inapoongea, nyingine haisikii.

Pampu ikizimwa, wengi hufumbua macho ujazo unapofika kati ya mikrogramu 1 na 2. Kati ya huko juu na hapo pana ukanda ambao dawa haitoshi tena kunyamazisha ubongo wote, lakini bado inatosha kumzuia mtu asijibu akiitwa. Mawimbi ya polepole yanalegea, ya kasi yanarudi. Ukanda huu unaweza kuwa wa dakika mbili au wa robo saa, kutegemea pampu ilifanya kazi kwa muda gani, umri wa mgonjwa, na wingi wa dawa za jamii ya mofini alizopewa. Kwa gesi mambo ni hayohayo: sevoflureni inayomtuliza mtu wa miaka 40 chini ya kisu ni karibu asilimia 2 ya hewa anayotoa, na anaamka inapobaki kama theluthi ya hapo.

Wengine, dawa ikishapungua na chumba kikiwa kimya, wanapitiliza moja kwa moja kwenye usingizi wa kawaida wa mwili. Hapo ndoto haihitaji maelezo yoyote ya ziada.

Naamini ndoto nyingi zinazosimuliwa baada ya upasuaji zimeotwa hapo, katika ukanda huo, nyuzi zikiwa zimeshafungwa na watu wanahesabu vitambaa.

Hili linaeleza pia kwa nini anayezinduka haraka ndiye anayesimulia. Hakuota zaidi ya mwenzake. Aliamka ndoto ikiwa bado ya moto, wakati mwenzake alivushwa taratibu mpaka ikapoa. Hata nyumbani ndoto unayoikumbuka ni ile uliyokatizwa.

Sharti moja tu niliweke wazi. Nusukaputi yenyewe, ile ya katikati, si usingizi. Tangu watafiti Aserinsky na Kleitman walipoeleza mwaka 1953, huko Chicago, kipindi cha usingizi ambacho macho huchezacheza chini ya kope na ndoto huwa nyingi, tunajua usingizi wa kawaida una mizunguko inayojirudia kila baada ya dakika 90 hivi. Aliye chini ya dawa hana mizunguko hiyo. Hashtuki kwa kelele wala kwa kisu. Na dozi ikizidi, umeme wa ubongo wake unafyatuka na kulala bapa kwa zamu, hali ambayo usingizi wa kawaida haufiki kamwe.

## Mkono ulioachwa huru

Ningependa kuishia hapo. Maelezo ni mazuri: katikati hakuna kitu, ndoto ni za mwishoni. Lakini kuna ushahidi wa aina mbili unaonizuia.

Wa kwanza ni wa mkono. Mwaka 1977 daktari Tunstall alieleza njia rahisi. Kabla ya kumpa mgonjwa dawa ya kulegeza misuli, unafunga mkanda wa presha mkononi na kuujaza hewa kupita presha ya damu. Dawa inaenea mwili mzima isipokuwa mkono ule. Kisha unamshika kiganja na kumwambia: kama unanisikia, minya. Njia hii ina mipaka yake. Mkanda ukikaa kama dakika 20 mkono unakufa ganzi na kushindwa kujibu kwa sababu ya kukosa damu, kwa hiyo muda lazima uangaliwe na mkanda ufunguliwe dawa ya misuli inapopungua kwenye damu.

Mwaka 2017 Robert Sanders na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali kadhaa wa nchi mbalimbali walikoijaribu njia hii muda mfupi baada ya kuweka mrija wa hewa. Kati ya wagonjwa 260, 12 waliminya. Kwa kawaida wanaominya hawakumbuki chochote baadaye.

Mtu anasikia, anaelewa, anatii, kisha anaamka na kusema hakukuwa na kitu.

Ushahidi wa pili unatoka Turku, Ufini, kwa kikundi cha Harry Scheinin, Antti Revonsuo na Katja Valli. Wao walitumia watu wazima wenye afya, bila upasuaji, bila dawa ya misuli, na katika baadhi ya majaribio walifanya jambo la ujanja: walimuamsha mtu pampu ikiendelea kwa kasi ileile. Hii huwezekana hasa kwa deksimedetomidini, dawa inayoacha njia ya kuamshwa kwa sauti au kwa kutikiswa. Walioonekana kuwa hawapo kabisa, waliokuwa hawajibu amri, mara nyingi walipoulizwa walisimulia jambo. Baadhi walikuwa wameota. Baadhi ya ndoto zilibeba vipande vya chumba chenyewe cha utafiti.

Hapa pampu haikuzimwa. Hakukuwa na dakika za mwisho.

Kwa hiyo msimamo wangu, kwa sasa, una pande mbili. Ndoto ya kawaida ya mgonjwa wa upasuaji, ile ya kupendeza inayosimuliwa kwenye chumba cha kuzindukia, ni ya mwishoni. Lakini kutojibu si sawa na kutokuwepo, na pale dozi inapokuwa ndogo kuliko ya upasuaji, ubongo unaweza kuwa na maisha yake ya ndani huku mwili ukiwa umetulia kama gogo. Anayepewa dawa za kumtuliza tu, kwa mfano ili achunguzwe tumbo kwa kamera, yuko kwenye ukanda huo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Anapaswa kuambiwa hivyo kabla. Wengi huambiwa "utalala", kisha wakikumbuka sauti na ndoto zilizochanganyika wanadhani kuna kosa lililofanyika.

## Ketamini ina sheria zake

Yote niliyosema hayaihusu ketamini.

Dawa hii ilijaribiwa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1964, kazi ya Edward Domino na Guenter Corssen huko Marekani, na ikaidhinishwa huko 1970. Haizimi ubongo, inauvunjia mawasiliano na mwili. Macho yanaweza kubaki wazi, yakichezacheza. Misuli inabaki na nguvu, pumzi inaendelea, presha inapanda. Ndani, picha hazikomi. Mtu anaweza kujiona akielea juu ya kitanda, akipita kwenye njia ndefu yenye mwanga, au akiamini amekufa.

Kwenye mshipa mtu mzima hupewa miligramu 1 hadi 2 kwa kilo, polepole, ndani ya dakika nzima. Ikisukumwa haraka pumzi inaweza kusita. Takriban mtu mmoja kati ya wanane huzinduka na misukosuko ya akili kwa mujibu wa maelezo ya dawa yenyewe, na tafiti nyingine zinataja zaidi. Hutokea kwa uchache kwa watoto na kwa wazee.

Kinachokwenda kombo mara nyingi kinaweza kuzuiwa, na hapa nakiri kuwa na hisia kali kwa sababu hatua zenyewe hazigharimu. Mwambie mgonjwa kabla: utaona mambo ya ajabu, ni dawa, yatapita. Mwombe achague mahali anapopapenda na akae hapo kimawazo wakati sindano inaingia. Hali ya moyo anayoondoka nayo huwa inamfuata. Usianze dawa huku watu wanabishana na vyuma vinagongana. Mpe midazolamu kidogo, miligramu 1 au 2, kama pumzi na umri vinaruhusu. Mwishoni mweke penye utulivu na mwanga hafifu, usimtikise wala kumpigia kelele aamke, lakini usiache kupima oksijeni na presha eti kwa sababu tumesema asiguswe. Kifaa cha kidoleni hakimsumbui mtu.

Na namba ya BIS usiitegemee hapo. Ketamini huongeza mawimbi ya kasi, namba inapanda, na anayeiamini atadhani mgonjwa anaamka.

## Ndoto ambayo si ndoto

Sehemu hii ndiyo inayonifanya niseme lazima tuulize.

"Niliota watu wananivuta mguu na siwezi kusogea." "Niliota nimezikwa, nasikia watu wanaongea juu yangu." Mgonjwa mwenyewe anaiita ndoto kwa sababu hana jina lingine, au kwa sababu aliambiwa haiwezekani kuamka. Ikiwa mguu ndio uliokuwa unafanyiwa upasuaji, na mazungumzo aliyosikia yalifanyika kweli, hiyo inaweza kuwa kumbukumbu.

Uchunguzi mkubwa wa Uingereza na Ireland uliochapishwa 2014, unaojulikana kama NAP5, ulikusanya taarifa za watu waliojitokeza wenyewe kusema waliamka. Hesabu ilitoka mtu mmoja kati ya 19,000. Palipotumika dawa ya kulegeza misuli ilikuwa mmoja kati ya 8,000 hivi. Pasipotumika, mmoja kati ya 136,000. Kwa upasuaji wa kujifungua chini ya nusukaputi, mmoja kati ya 670.

Sasa linganisha na Sweden. Sandin na wenzake, mwaka 2000, waliwahoji karibu wagonjwa 12,000 kwa maswali ya aina ya Brice, mara tatu kila mmoja: wanapotoka chumba cha kuzindukia, siku ya kwanza hadi ya tatu, na siku ya saba hadi ya kumi na nne. Wakapata mmoja au wawili kati ya kila 1,000. Baadhi hawakukumbuka chochote mahojiano ya kwanza, wakakumbuka baadaye.

Mmoja kati ya 19,000 wakisubiriwa waseme. Mmoja au wawili kati ya 1,000 wakiulizwa. Wataalamu wanabishana kuhusu sababu za pengo hilo, na si lote linatokana na ukimya. Lakini siwezi kuamini kwamba ukimya hauna sehemu yake.

Nini hasa huharibika? Nyingi ya taarifa za NAP5 hazikutoka katikati ya upasuaji. Zilitoka mwanzoni, na nyingine mwishoni. Mwanzoni kuna pengo: sindano ya kulaza inaisha nguvu baada ya dakika chache, gesi haijafika kiwango, na mrija wa hewa umekuwa mgumu kuingia, dakika zinakwenda na hakuna aliyeongeza dawa. Au mgonjwa amehamishwa kutoka chumba cha maandalizi na kitufe cha gesi hakikufunguliwa tena. Au bomba mbili za sindano zimepishana, ile ya misuli ikaingia kabla ya ile ya usingizi, jambo ambalo lebo za rangi na kuvuta dawa moja kwa wakati mmoja hulizuia. Kwa pampu za mshipani, sindano imetoka kwenye mshipa chini ya shuka na dawa inavimbisha mkono bila kufika kwenye damu. Ndiyo maana mkono wenye sindano unatakiwa uonekane muda wote, na njia ya dripu iwe na vali inayozuia dawa kurudi nyuma kwenye mpira wa maji.

Mwishoni tatizo ni jingine. Usingizi umeondoka, misuli bado. Mtu yuko macho kamili, amefunga kope asizoweza kuzifungua, anahisi mrija kooni na hawezi kuvuta pumzi kwa nguvu zake. Tiba ni kupima. Kifaa cha kushtua neva ya mkono kinatoa mishtuko minne. Mwitikio wa misuli kwa mshtuko wa nne, ukilinganishwa na ule wa kwanza, ufike angalau 0.9 ndipo dawa ya usingizi izimwe. Kama haijafika, toa dawa za kuondoa ulegevu wa misuli, yaani neostigimini na atropini au sugamadeksi, subiri, pima tena. Kutazama tu kama kifua kinapanda hakutoshi.

Kwa gesi, kuweka king'ora kilie ujazo unaotolewa ukishuka chini ya sehemu 0.7 ya kile kiwango cha kumtuliza mtu wa umri wa mgonjwa chini ya kisu kumeonekana kusaidia. Ni kitufe kimoja.

## Ndoto zenye aibu

Propofoli na midazolamu zimeandikwa tangu zamani kuwa zinaweza kuleta ndoto za mapenzi, nyingine wazi kiasi kwamba mgonjwa anaamini yalitokea. Mgonjwa anayesema ameguswa vibaya asikilizwe na lichunguzwe, sikuzote, kwa sababu linaweza kuwa kweli. Njia ya kuwalinda wote wawili ni ileile: asibaki mtu mmoja peke yake na aliyelazwa, toka dawa inapoanza mpaka fahamu zirudi.

## Ndoto kama tiba?

Huko Stanford, Marekani, kikundi cha Harrison Chow na Boris Heifets kimeligeuza swali. Badala ya kuvuka ule ukanda wa mwisho haraka, wanamshikilia mgonjwa humo: propofoli inapunguzwa taratibu, mawimbi ya paji la uso yanatazamwa mpaka mtindo wa kasi unaokaribia kuamka utokee, kisha anaachwa hapo kwa muda, kwa utulivu, na kuulizwa mara anapofumbua macho. Wameeleza wagonjwa wachache waliokuwa na majeraha ya kisaikolojia kutokana na matukio ya kutisha, ambao waliota ndoto nzuri, zenye nguvu, na dalili zao zikapungua.

Taarifa hizi zinanivutia, na hapohapo nazishika kwa tahadhari. Ni za watu wachache. Kila mmoja wao pia alifanyiwa operesheni aliyokuwa akiihitaji, alipewa propofoli ambayo yenyewe inabadilisha hisia, na alihudumiwa na watu waliomsikiliza kwa makini. Kipi kilimponya? Mpaka apatikane mtu aliyepata yote hayo isipokuwa ndoto, jibu halipo. Lakini wamethibitisha jambo la vitendo ambalo nalithamini: ukiujua ukanda, ukiushikilia na ukauliza papo hapo, ndoto zinapatikana. Hazikuwa adimu. Tulikuwa tunachelewa.

## Kuuliza kwenyewe

Swali liulizwe mara tu mgonjwa anapoweza kutaja jina lake na mahali alipo, kabla ya orodha ya maumivu na kichefuchefu kama hali inaruhusu. Kila swali jingine linalotangulia linaisukuma ndoto mbali. Sauti moja, watu wachache. Maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, bila kusafishwa, pamoja na saa, dawa za kulazia na saa zilipozimwa.

Akisimulia ndoto ya kupendeza, mwambie ni kawaida na si dalili kwamba dawa ilipungua. Hilo tu linamwondolea mtu hofu ya operesheni nyingine.

Akisimulia ya kutisha, au yenye vipande vya chumba cha upasuaji, usimbishie wala usimthibitishie papo hapo. Daktari wa usingizi aliyemhudumia aje mwenyewe, aketi, asikilize mpaka mwisho, kisha alinganishe na fomu: dakika ipi gesi ilikuwa chini, nani alikuwepo, yapi yalisemwa. Mgonjwa aonwe tena baada ya saa 24, na tena baada ya wiki mbili, kwa sababu ndoto za kujirudia, kushtuka na kukosa usingizi vinaweza kuanza akiwa ameshafika nyumbani. Dalili zikiendelea apelekwe kwa mtaalamu wa saikolojia anayejua majeraha ya aina hiyo. Nakala ya maelezo yake ikae mbele kabisa ya jalada, na yeye apewe barua yenye habari zilezile, ili atakayemlaza safari ijayo aisome kabla hajachagua dawa.